Kula Mbele za Watu

Ukumbi wa benki ulikuwa umefurika. Ilikuwa mwisho wa mwezi, foleni imejikunja kama utumbo, feni moja inazunguka bila kumpuliza yeyote, na watu wamechoka kiasi kwamba hata wagomvi walikuwa wamenyamaza. Katikati ya foleni alisimama fundi miwani, mwanamume mrefu mwenye kichwa kilichonyolewa kikang'aa, na mbele yake mwanamke wa gauni la njano, kilemba cha rangi ya zambarau kimefungwa kwa madaha.

Mtu mmoja akamkanyaga yule mwanamke. Akageuka kwa hasira, mkoba wa jirani ukamgonga usoni, miwani ikaruka. Lenzi moja ikaenda huku, fremu ikaenda kule.

"Msisogee!" fundi alipaza sauti. "Mtu asiinue mguu!"

Ukumbi mzima ukaganda. Wengine walidhani wameingiliwa na majambazi. Mzee mmoja alikwishainua mikono juu. Fundi akapiga magoti, akapapasa sakafu kati ya viatu vya watu, akainuka na kitu kidogo kuliko punje ya mtama.

"Skrubu," alisema. "Haya, pumueni."

Akatoa bisibisi ndogo mfukoni mwa shati, akairudisha lenzi mahali pake, akakaza skrubu palepale amesimama, watu mia wanamtazama. Mkono wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelala.

Mwanamke alivaa miwani, akamkagua fundi kuanzia viatu hadi kipara. "Wewe hutembea na bisibisi mfukoni?"

"Wengine hutembea na kitana."

"Na kwa kichwa hicho, kitana ungekifanyia nini?"

Foleni ikaangua kicheko, na fundi akacheka zaidi ya wote.

"Mimi ni mpishi," mwanamke alisema walipotoka nje. "Napika kwenye karamu, na mchana nauza chakula hapo nyuma ya kituo cha mafuta. Njoo ule, ndiyo shukrani yangu."

Kicheko kikamkauka fundi mdomoni. "Ahsante dada yangu. Leo nimefunga."

Hakuwa amefunga. Ukweli aliouficha tangu ujana wake ni kwamba hawezi kula mbele za watu. Akishika kijiko huku jicho la mtu liko juu yake, mkono huanza kutetemeka, koo hufunga, moyo humwenda mbio, kijasho chembamba humtoka, na tonge hugoma kushuka. Mkono uleule unaokaza skrubu za miwani! Kwa hiyo mchana alikula nyuma ya pazia la karakana yake, mgongo kwa mlango, upesiupesi kama mwizi. Jioni alijifungia chumbani. Harusi hakwenda. Misibani alifika watu wakishamaliza kula. Dada yake mkubwa, aliyemletea chakula dukani, ndiye peke yake aliyejua, naye alikwishachoka kusema.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," dada alikuwa akimwambia.

"Haya si maradhi, dada. Ni ujinga wangu tu."

Hivyo ndivyo alivyojiona: mtu mzima, ana duka, ana ndevu, anashindwa na jambo ambalo mtoto wa chekechea analifanya huku akiimba.

Lakini mapenzi hayaulizi hodi. Kesho yake mpishi alikuja dukani eti miwani inalegea. Haikuwa inalegea. Keshokutwa akaja tena. Baada ya hapo hakuna aliyejisumbua kutafuta visingizio, na simu zikaanza.

"Bisibisi wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka nimeota chumvi."

"Chumvi nyingi huleta presha, kipenzi."

"Basi na nilazwe."

Fundi akawa Bisibisi, mpishi akawa Chumvi. Walitembea jioni kando ya reli, wakakaa kwenye mabenchi ya bustani ya manispaa, wakabishana juu ya kila kitu. Chumvi alikuwa na kicheko cha kurusha kichwa nyuma, na harufu ya iliki haikumwacha hata akivaa manukato. Fundi alimpenda hadi akajiogopa. Palikuwa na shida moja tu. Mpishi humpenda mtu kwa kumlisha.

"Onja hiki, laazizi."

"Jino linaniuma."

Siku ya pili Chumvi akamletea mtori laini wa ndizi, usiotaka meno. Fundi akasema ana vidonda vya tumbo. Chumvi akapika bila pilipili, bila ndimu. Fundi akasema ametoka kula sasa hivi. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa na maradhi mengi kuliko wodi nzima. Kila mara alikibeba chakula nyumbani kwenye kibakuli chenye mfuniko, akala peke yake hadi akaramba vidole, kisha akapiga simu.

"Chumvi, ulichopika leo ni dhambi."

"Kweli umekula?"

"Nimekula hadi nimeuonea mfuniko huruma."

Upande wa pili palikuwa kimya kidogo. "Haya. Mradi umekula."

Fundi hakukisikia kimya kile. Alikuwa anashukuru tu kwamba siku nyingine imepita salama.

Mchana mmoja walikuwa wakiongea kwenye simu, fundi amesema amefunga, mara sauti ya mwanamke ikasikika nyuma yake: "Chakula chako kinapoa, njoo ule!"

"Nani huyo?" Chumvi aliuliza.

"Dada yangu."

"Dada yako hajui kwamba umefunga?"

"Amesahau."

"Bisibisi," Chumvi alisema polepole, "kila mwanaume ninayemjua ana dada. Jumapili unakuja nyumbani. Wazazi wakuone, nawe uwaone. Kama huji, usinipigie tena."

Angekataaje? Akaenda. Alivaa shati jeupe alilopiga pasi mara mbili, akanunua matunda, na njiani akajiambia kwamba mtu akiamua, anaweza. Si kula tu? Kijiko, mdomo, basi.

Sebule ilikuwa ndogo na safi, meza imetandikwa kitambaa kilichotariziwa maua. Baba yake Chumvi, dereva wa malori aliyestaafu, alikaa kichwani mwa meza, mikono mizito, maneno machache. Mama alikuwa na sura ya bintiye, ila yenye utulivu zaidi. Na alikuwepo shangazi, mwanamke mnene mwenye bangili nyingi, ambaye kila familia inaye mmoja: hakuna asichokiona, na akiona hakai nacho. Chumvi aliamka alfajiri kupika. Palikuwa na wali, kuku, maharagwe, mboga, na mchuzi uliotoa mvuke, naye alisimama nyuma ya kiti cha fundi kama mtahiniwa anayesubiri matokeo.

"Karibu, baba," mama alisema. "Anza wewe mgeni."

Wote wakamtazama. Walimtazama kwa upendo, na hilo ndilo lililommaliza. Fundi akachota mchuzi. Kijiko kilipofika usawa wa kifua mkono ukaanza kutetemeka. Akaubana mbavuni. Ukazidi. Kijiko kikagonga ukingo wa sahani, ti-ti-ti-ti, kila mtu akisikia. Mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cha maua. Masikio yakamvuma, pumzi ikakatika, akaona kwamba akikaa hapo dakika moja zaidi atakufa mbele ya wakwe.

Akasimama. Hakusema samahani, hakusema kwaheri. Alitoka mbio, akaacha hata koti lake kwenye kiti.

"Mnaona?" shangazi alisema. "Anaogopa tumemtilia dawa. Tumeonekana wachawi ndani ya nyumba yetu!"

Jioni ile simu ilipolia fundi aliiangalia hadi ikakaribia kukatika.

"Niambie," Chumvi alisema. Hakuwa akilia; ingekuwa afadhali angelia. "Baba yangu hajala tangu uondoke. Mama anaosha sufuria zilezile. Niambie tu tumekukosea nini."

Fundi alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale kwenye ulimi, sentensi fupi tu. Akamfikiria Chumvi akiisikia: mwanamume mzima, anaogopa kijiko. Akaona ni heri achukiwe kuliko ahurumiwe.

"Nadhani tuliharakisha," alisema. "Mimi siko tayari. Tafuta mwenzio."

"Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Haya. Koti lako nitalipeleka kwa dada yako. Huyo dada, kama yupo."

Chumvi alilipeleka koti, akamkuta dada kweli ni dada, pua moja na kichwa kilekile, ila chake kina nywele. Wanawake wale wawili waliongea mlangoni, lakini dada hakutoa siri. Alisema tu, "Mdogo wangu si mtu mbaya. Mengine atasema mwenyewe, au atakufa nayo."

Maneno yale nusura yatimie. Siku chache baadaye fundi alikuwa akimpima mteja miwani moyo ukaanza kudunda, vidole vikafa ganzi, kuta za duka zikasogea. Safari hii hapakuwa na kijiko wala sahani. Alikimbizwa hospitali akiamini ni mshtuko wa moyo. Daktari akampima kila kipimo, akaketi karibu naye.

"Moyo wako ni mzima. Lakini hukudanganya, ulichohisi ni cha kweli. Ni hofu iliyopanda ghafla hadi ikautawala mwili. Umeshawahi kuogopa kitu kuliko watu wengine wanavyokiogopa?"

Fundi akageukia ukutani. Aibu ilimpanda kuanzia shingoni. Ndipo, kwa kuwa daktari yule hakumjua na asingemwona tena, akaitamka ile sentensi fupi.

Daktari hakucheka. Alimwandikia kwenda kwa mshauri wa saikolojia, chumba cha mwisho ghorofa ya chini.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, miwani yake imepinda kiasi kwamba fundi alishindwa kuvumilia, akainyoosha kabla hawajaanza kuongea. Kisha akasimulia: shule ya bweni, ukumbi wa chakula, yeye mgeni wa wiki ya kwanza, bakuli la uji lililomponyoka likammwagikia kiranja mkuu, na ukumbi mzima ukapiga meza na kuimba jina la utani alilobaki nalo hadi anamaliza shule.

"Kumbe ndicho chanzo?" aliuliza.

"Huenda ni kimojawapo. Wapo waliomwaga uji wakasahau. Nyumbani kwenu yupo mwenye wasiwasi?"

"Mama yangu hakuwahi kusimama mbele ya mkutano. Angezimia."

"Basi. Mwingine huzaliwa na mwili mwepesi kushtuka, tukio likamkuta, kisha yeye mwenyewe, bila kujua, akaitunza hofu. Unajua umeitunzaje?"

"Kwa kuwaza sana?"

"Kwa kukimbia. Kila ulipokimbia ulipata nafuu, na mwili ukajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Haukuwahi kukaa ukaona kwamba hofu ikiachwa hupanda, hufika juu, halafu huchoka, hushuka yenyewe. Haya ni maradhi, mwanangu, yana tiba. Dawa za vidonge zipo, daktari anaweza kukuandikia ukihitaji. Ila tutaanza na biskuti."

"Biskuti?"

"Ule mbele yangu."

Kula biskuti moja kulimchukua nusu ya kikao. Makombo yakamjaa kwenye suruali, na machozi yakamtoka kwa fedheha. Mshauri alimtazama tu, hakugeuza uso. Juma lililofuata biskuti ikawa nyepesi. Kisha ndizi kwenye korido, wagonjwa wakipita. Kisha chai kwenye mkahawa wa hospitali, kwenye kona, halafu meza ya katikati. Kuna siku alirudi nyuma, akashindwa hata biskuti, akamwambia mshauri kwamba yeye ni wa kutupwa. Mshauri akampangia tarehe nyingine kama vile hakusikia.

Siku moja alimwambia, "Leo nenda mkahawani, ukamwage chai."

"Nimwage makusudi?"

"Makusudi. Miaka yote umeogopa kumwaga. Nenda ukaone kitatokea nini."

Fundi akaenda. Akasimama na kikombe katikati ya watu, akafumba macho, akakipindua. Chai ikatiririka mezani, ikadondoka sakafuni. Alingoja meza zigongwe. Wauguzi wawili waliendelea kuwasema wasimamizi wao. Mtu mmoja akatazama, akarudi kwenye simu yake. Bibi mmoja wa meza ya jirani akamsukumia kitambaa na kusema, "Futa upande huu, mjukuu wangu, isinifikie mkoba," akaendelea kutafuna mkate wake.

Hivyo tu. Fundi alifuta meza huku akicheka na kulia pamoja. Halafu kicheko kikaisha, kikabaki kilio, kwa sababu alimkumbuka Chumvi. Alikuwa amemtupa kwa ajili ya kitu ambacho bibi yule alikimaliza kwa kitambaa.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake, na siku zilizofuata. Mwishowe akaenda mwenyewe nyuma ya kituo cha mafuta, saa ya mchana, wakati Chumvi amefunga aproni ya buluu na jasho linamtoka usoni.

"Tumefunga," Chumvi alisema bila kuinua uso.

"Watu wanakula."

"Kwako tumefunga."

"Chumvi, mimi siwezi kula mbele za watu. Ni ugonjwa. Nina hofu, mkono unatetemeka, koo linaziba. Sikuwahi kuwa na jino bovu. Sikuwahi kufunga. Chakula chako nilikila chote, chumbani, mlango umefungwa. Niliona aibu. Ndiyo hivyo tu, hakuna kingine."

Chumvi aliweka upawa chini. Fundi alijiandaa kwa huruma, au kicheko. Havikuja.

"Unajua mimi nilifikiri nini?" Sauti yake ilikuwa ya chini, inakwaruza. "Nilifikiri unanionea kinyaa. Nilikata kucha hadi nyama. Nilianza kunawa mikono kila nikigusa chungu, nikadhani nanuka, nikamuuliza mama kama nanuka. Mimi, mpishi! Tangu siku uliyokimbia nilikaa mwezi mzima bila kuonja ninachopika. Niliogopa mdomo wangu mwenyewe. Aibu yako uliifungia chumbani, ikatokea dirishani ikanijia mimi. Na ukaniambia nitafute mwenzangu!"

 Aibu aliyoijua fundi miaka yote ilikuwa ya kutetemeka. Hii ilikuwa nyingine, na hii alistahili kuiona.

"Nisamehe," alisema. "Si kwa ugonjwa. Kwa uongo."

 Wateja walikuwa wakiita, mmoja anataka maji, mwingine anataka kuondoka. Chumvi akachota wali, akamwagia mchuzi, akaweka sahani mbele ya fundi, juu ya meza ya mbao iliyojaa watu.

"Sikusamehe bado," alisema. "Kaa ule."

Akakaa. Akala nusu sahani, mchuzi unamdondokea ndevuni. Chumvi alihudumia wateja wake, na kila alipopita nyuma yake alipunguza mwendo.

Kusamehe kulikuja polepole: kwanza alipokea simu, kisha akapiga yeye, kisha siku moja akaanza na "Bisibisi" badala ya "wewe". Jumapili moja akasema, "Baba anataka kukuona. Nimemwambia utakuja na ukweli wako mwenyewe; mimi sikusemei."

Sebule ilikuwa ileile, shangazi na bangili zake yupo. Fundi hakuketi.

"Wazazi wangu, siku ile niliwadharau bila kukusudia. Huwa naingiwa na hofu nikila mbele za watu. Natibiwa, sijapona kabisa. Leo huenda nikamwaga. Sikuogopa chakula chenu. Niliogopa macho yenu."

 Mama alimtazama mumewe. Mzee akavuta kiti. "Kaa," alisema.

Chakula kikaletwa, na hapo wenyeji, kwa wema wao, wakafanya kosa. Baba alikazia macho sahani yake kana kwamba kuna habari imeandikwa. Mama akatazama dari. Chumvi akatazama dirisha. Hakuna aliyesema neno, hata kijiko cha fundi kilipoanza, ti-ti-ti-ti, sauti ikajaa nyumba nzima. Fundi akahisi miguu inamwita mlangoni. Akakirudisha kijiko sahanini. Akavuta pumzi, akaitoa taratibu, akangoja.

"Jamani," alisema, "nitazameni tu. Mkiangalia pembeni ni vibaya zaidi."

"Mimi nilikuwa nakutazama tangu mwanzo," shangazi alisema. "Kule jikoni mlisema tusimtazame, nikasema sitaweza."

Baba ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kizito kilichotikisa meza, mama akafuata, na Chumvi akarusha kichwa nyuma. Fundi alikiinua kijiko wakiwa bado wanacheka.  Wali ukaanguka kwenye shati, mwingine ukafika mdomoni. Akatafuna, wote wakimtazama, uso umemwiva kwa haya, akameza. Akachota tena.

"Binti yako amezidisha chumvi," alimwambia mzee, "na bado nataka kumuoa."

 Mzee akasukuma bakuli la kuku hadi likafika karibu na mkono wa fundi.

"Kula kwanza," alisema. "Mambo ya mahari hayazungumzwi na mtu mwenye njaa."

Chumvi alikuwa ameinamisha uso, miwani imemtelezea puani, na fundi aliona kwamba safari hii anayeona haya ni Chumvi, si yeye.